Kimya Bristol, hodi Galletué: siku tisa nikiufuata mti mmoja kusini mwa Chile

Mtaani kwangu Bristol kuna nyumba ya zamani yenye mti mbele ya uzio, na sijawahi kupata mgeni asiyeuulizia. Shina limenyooka kama nguzo ya umeme. Matawi yamejipinda juu kwenye ncha kama mikia, na mahali pa majani pana magamba ya kijani kibichi, makavu, kila moja lina ncha ya kutoboa gunia. Waingereza wanauita Kitendawili cha Tumbili. Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1850, kwenye bustani ya Pencarrow kule Cornwall, mwanasheria mmoja aitwaye Charles Austin alionyeshwa mche wake, akasema hata tumbili angepata taabu kujua aupande vipi. Jina likaganda. Wafaransa nao wanauita mti wa kuwakatisha tamaa kima.

Jirani yangu ni bibi wa miaka themanini na ushee, ninamsindikiza dukani kila Alhamisi. Tukiukaribia mti ule ananifinya mkono: nyamaza. Hatamki neno mpaka tuumalize uzio. Mama yake alimfundisha kwamba ukiongea unapoupita unajitafutia mkosi, na watoto walitishiwa kuota mkia. Huko alikozaliwa, nyanda za Cambridgeshire, watu waliupanda pembezoni mwa makaburi ili shetani ashindwe kuupanda na kujificha akitazama maziko.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekua nikiambiwa usikae ovyo chini ya mbuyu saa za magharibi, kwa hiyo bibi hakunishangaza. Kilichonishangaza ni umri wa mti wenyewe nchini mwao. Uliingia Uingereza mwaka 1795, kwa mkono wa Archibald Menzies, daktari wa meli ya Discovery ya nahodha Vancouver. Hadithi inayopendwa ni kwamba alikaribishwa mezani kwa gavana wa Chile, zikaletwa mbegu za kutafuna baada ya chakula, akatia kadhaa mfukoni, akazipanda melini, akafika na miche mitano hai. Mti umekuja juzi tu, tayari una mashetani yake! Nikajiuliza kwao unasemwaje. Nikaanza kuweka akiba.

Haya niliyoandika nimeyakusanya nikiwa nimesharudi, kutoka kwenye daftari lililoloa maji na picha za simu. Bei nimeziacha kwa peso. Peso 1,000 ilikuwa karibu dola moja.

Jumamosi 5 Aprili 2025: Santiago, saa tano mbili

Uwanja wa ndege wanakupa fomu ya kutangaza chakula chochote cha mimea au wanyama. Nilikuwa na korosho za kukaanga, nikaweka alama ya "ndiyo". Afisa akazitazama, akanirudishia, foleni ikasogea. Aliyekuwa mbele yangu alisahau tofaa moja begini na bado alikuwa anajieleza nilipoondoka. Andikeni "ndiyo", haigharimu kitu. Na wenye pasipoti ya Tanzania kama mimi, viza iombeni mapema. Yangu niliishughulikia miezi miwili kabla.

Basi la usiku kwenda Temuco, kiti cha kulala, peso 18,000. Ni karibu kilomita 680 kuelekea kusini kwa barabara nzuri sana, na kwa sababu ilikuwa usiku sikuona hata moja. Ila usiku huo ndio Chile inarudisha saa nyuma. Ilipofika saa sita, simu ikaruka ikawa saa tano tena. Mzee wa kiti cha pili akanionyesha saa yake ya mkononi akicheka, kana kwamba tumepewa zawadi. Zawadi gani: tulifika Temuco alfajiri zaidi ya tulivyotegemea, giza totoro, baridi, kituo kimefungwa nusu. Mama mmoja aliyekuwa anafungua kibanda cha chai aliniona natetemeka, akanivuta ndani karibu na jiko lake la gesi kabla hata hajawasha taa. Chai alikataa kulipwa. Sina Kihispania zaidi ya "gracias", nikaisema mara nne.

Jumapili 6 Aprili: Temuco

Nililala.

Jumatatu 7 Aprili: sokoni, kisha Curacautín

Feria Pinto ni soko la wazi karibu na stesheni ya zamani ya treni. Nenda asubuhi. Kuna jibini, mwani mkavu uliofungwa mafungu kama kuni, pilipili ya kuvuta kwa moshi iliyosagwa, wanaiita merkén. Mwezi wa nne kuna mbegu za mti wangu, magunia kwa magunia. Wenyewe kwa Kihispania wanasema piñones. Urefu wake ni kama kidole gumba, zina rangi ya chai ya rangi, zinang'aa, upande mmoja zimechongoka. Mama muuzaji alikuwa na sufuria inachemka pembeni. Akanipa moja, akanionyesha: ing'ate upande mnene, ibane, inachomoka yenyewe.

Niliitafuna nikasimama. Ladha ile naijua. Ni mbegu ya fenesi iliyochemshwa! Unga ule ule, utamu ule ule wa mbali, hata namna inavyokukaba ukiila bila maji. Nusu kilo ya zilizochemshwa peso 2,500, na maandazi yao ya bapa, sopaipilla, peso 500 moja na merkén juu.

Mchana basi dogo hadi Curacautín, saa mbili na kitu, peso 4,000. Hapo ndipo nilipopata pigo: nyumba ya wageni niliyolipia mtandaoni ilikuwa imefungwa, msimu wa watalii umekwisha, hakuna aliyenijulisha. Simu haipokelewi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani akafunga duka lake, akanipeleka kwa miguu hadi kwa dada yake mwenye chumba cha ziada. Peso 15,000 pamoja na kifungua kinywa. Pesa yangu ya mtandaoni ilirudi wiki tatu baadaye, baada ya barua pepe tano. Ushauri: ukija baada ya mwezi wa tatu, piga simu mwenyewe kabla hujalipa.

Jumanne 8 Aprili: Conguillío

Kuingia hifadhi ya Conguillío kutokea Curacautín hakukuwa na basi. Dada mwenye nyumba akamwita shemeji yake mwenye pikapu: peso 60,000 kwa siku nzima, tukagawana na vijana wawili wa Kibrazili niliowakuta dukani. Tiketi ya hifadhi inunuliwe mtandaoni ukiwa bado mjini, kwa mgeni ilikaribia peso 10,000. Langoni mtandao haushiki.

Barabara ni vumbi jeusi la volkeno. Llaima, mlima wa mita 3,125, uko upande mmoja na theluji yake kichwani, na miguuni pake pametapakaa mawe ya lava yaliyoganda. Ulilipuka siku ya mwaka mpya 2008. Halafu, juu ya uwanja huo mweusi ambao ungesema hata magugu yangekataa, miti imesimama.

Nilizoea mmoja wa Bristol, uliojaa matawi kuanzia chini kama mti wa Krismasi. Kumbe ule bado mtoto. Mti mzima hapa umeshaangusha matawi yote ya chini, shina tupu linapanda mita thelathini, arobaini, ndipo juu kabisa unafungua mwavuli. Gome nililigusa kwa muda mrefu. Ni nene, limegawanyika vipande vya pembe tano na sita kama gamba la kobe, na kidole changu kizima kilizama kwenye mfereji mmoja. Gome hilo ndilo ngao. Moto wa msituni ukipita, au majivu ya moto ya volkeno, mti mkubwa mara nyingi unabaki hai, na ukiungua matawi unaweza kuchipua upya. Baadhi ya miti hii imezidi miaka elfu moja. Juu yake zinaning'inia ndevu za kijani hafifu za kuvu-mwani, na katikati yake kulikuwa na miti mingine, lenga, iliyogeuka nyekundu kwa sababu kule mwezi wa nne ndiyo majira ya majani kupukutika.

Dereva akatupeleka hadi ziwa dogo la Arcoíris. Lava ilikuja ikaziba kijito, maji yakajaa, msitu ukazama. Maji ni maangavu hivi kwamba unaona magogo yamelala chini, matawi na yote, kama mji uliohamwa. Wabrazili wakanyamaza, mimi nikanyamaza. Halafu nikakumbuka bibi yangu wa Bristol nikacheka peke yangu.

Jina Conguillío, dereva alituambia, limetoka lugha ya Wamapuche, wenyeji wa asili wa kusini hii: ko ni maji, ngülliw ni mbegu za mti huu. Maji yenye mbegu. Mchana kutwa hatukuona tumbili, wala hatungeweza kumwona. Kusini hii hakuna tumbili wa mwituni hata mmoja. Mti umepewa jina la mnyama ambaye kwao hayupo.

Jumatano 9 Aprili: handaki

Kutoka Curacautín kwenda Lonquimay basi linapita handaki la Las Raíces: mita 4,528, njia moja tu. Lilichimbwa kwa ajili ya reli iliyokusudiwa kuunganisha Pasifiki na Atlantiki, likamalizika 1939, reli yenyewe haikufika mbali. Sasa magari yanapita kwa zamu. Basi letu lilisimama dakika hamsini tukisubiri zamu yetu, kwa sababu ndani kulikuwa na lori lililoharibika. Watu wakashuka, thermosi zikatoka, kikombe cha yerba mate kikazunguka. Ni majani machungu, maji ya moto, mrija mmoja wa chuma kwa watu wote, na anayemimina ni mmoja. Nilipomaliza zamu yangu nikasema "gracias" kwa adabu, na hawakunipa tena. Baadaye nikaelezwa: ukishukuru maana yake umetosheka. Kunywa, rudisha, nyamaza.

Lonquimay ni mji mdogo ambao mitaa yake imechorwa kwa umbo la yai. Nilipotea mara mbili kwa kuamini kwamba kona ni kona. Mashine ya kutolea pesa niliyoikuta haikuwa na pesa siku ile. Tembeeni na taslimu kutoka Temuco, huko mbele hakuna kadi. Mimi niliokolewa na dola zangu mia moja za akiba ambazo mwenye duka la dawa alikubali kunibadilishia kwa bei nzuri kuliko niliyostahili.

Alhamisi 10 na Ijumaa 11 Aprili: kando ya Galletué

Mabonde haya ni ya Wapewenche, tawi la Wamapuche wa milimani. Pewen ndilo jina la mti, che ni watu. Kuna jamii zinazopokea wageni kulala. Niliwasiliana kwa simu na binti wa familia moja karibu na ziwa Galletué, ambako mto Biobío unaanzia. Chumba na milo mitatu peso 35,000. Alinifuata mjini kwa gari lao. Alisoma Temuco, ana Kiingereza cha kutosha, ndiye aliyekuwa mdomo wangu kwa siku tatu.

Mama yake ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Niliambiwa nimwite papay, kama sisi tunavyomwita mtu bibi kwa heshima. Yeye akaniita lamngen, dada. Jikoni kwao kuna jiko la chuma la kuni ambalo halizimwi, na juu yake, kwenye mhimili wa dari, zilikuwa zinaning'inia shanga ndefu za mbegu zilizotungwa kwa uzi, zinakauka kwa moshi. Nyingine ziko kwenye gunia ndani ya shimo lenye maji nyuma ya nyumba, ili zisiote wala zisioze mpaka majira mengine. Siku ile ya kwanza tulikula mbegu za kuchemsha, mkate wenye unga wa mbegu, na supu yenye mbegu. Papay akanimiminia chavid, kinywaji cha mbegu zilizochachushwa. Nikauliza kwanza kama kinalevya. Wakacheka, wakaniletea cha siku moja. Ni togwa. Mwenye macho amefumba asingetofautisha mpaka amalize kikombe.

Baada ya chakula nikamuuliza binti: zamani watu walianzaje kula hizi? Akamtafsiria mama yake. Papay akaweka kuni moja jikoni, ndipo akaanza.

Hapo kale watu hawakula mbegu za pewen. Zilikuwa zinaanguka zinaoza, kwa kuwa mti ni wa Nguenechen, mwenye kutawala vitu vyote, na wengine walisema ni ngumu, wengine kwamba zina sumu. Ikaja njaa. Watoto na wazee wakawa wanakufa. Vijana wakatumwa mbali kutafuta chakula, wakarudi mikono mitupu. Mmoja wao, akiwa njiani kurudi, akakutana na mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe. Unatafuta nini? Chakula cha ndugu zangu. Na hizi zilizojaa chini ya miti je? Hizo hatuli. Mzee akamwambia: kuanzia leo kuleni. Zichemsheni kwa maji mengi au zichomeni motoni, na nyingine mzifukie ardhini ziwafae wakati wa baridi. Kijana akajaza blanketi lake, akakimbia. Mkuu wa jamaa alipomsikiliza akasema, huyo si mzee, ni Nguenechen mwenyewe ameshuka. Wakala, wakapona. Ndiyo maana kwenye ibada yao kubwa, nguillatun, wanashika tawi la pewen na kutazama jua linakochomoza.

Nilichokipenda kwenye hadithi hii ni kwamba mungu alishuka na maelekezo ya jikoni. Maji mengi, alisema. Papay alirudia neno hilo mara mbili, akanitazama mimi, kwa sababu mchana aliniona nikiweka maji kidogo.

Ijumaa asubuhi tukaenda kuokota. Kabla ya mti wa kwanza papay akasimama. Akamwaga kinywaji kidogo ardhini, akaanza kusema kwa Kimapuche, sauti ile ile ya chini, kama mtu anazungumza na jirani kupitia dirishani. Nilijiweka nyuma, mdomo nimefumba, mazoea ya Bristol. Alipomaliza akanigeukia, binti akatafsiri: na wewe sema. Kila mahali pana mwenyewe, wanamwita ngen. Huwezi kuingia kwake na kuchukua vyake bila kusema wewe ni nani na unataka nini.

Nikasema neno lililokuja. "Hodi."

Binti akauliza maana yake. Nikamweleza, kwetu unasema hivyo mlangoni na mwenye nyumba anakujibu "karibu", na usipojibiwa mara ya tatu unarudi ulikotoka. Akamtafsiria mama yake. Papay akawaza kidogo, akatazama juu kwenye mwavuli wa mti, halafu akanijibu yeye: "Karibu." R yake ilikuwa nzito kama gurudumu. Tangu hapo hadi naondoka, nikifungua mlango wowote wa nyumba ile nilikuwa nasikia karibu.

Miti ina jinsia. Mti wa kiume una vikonyo vya kahawia virefu kama kiganja. Wa kike una matunda ya mviringo, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na yanachukua karibu miaka miwili tangu kuchavushwa mpaka kukomaa, kwa hiyo kwenye mti mmoja unaweza kuona ya mwaka huu na ya mwakani. Wenyewe wanaita domo pewen na wentru pewen, pewen mwanamke na pewen mwanamume, na papay anasema wanashikana mikono chini kwa chini, mizizini. Tunda moja lina mbegu mia moja na ushee, hata mia mbili. Likikomaa linafumuka huko huko juu na mbegu zinanyesha. Ni nzito, upepo haufanyi nazo lolote, zinaanguka miguuni pa mama yao. Kazi ya kuzipeleka mbali ni ya panya wa msituni na kasuku. Kasuku hao, choroy, wa kijani wenye mdomo mrefu uliochongoka, tuliwasikia kabla ya kuwaona. Wana fujo kuliko watoto wa chekechea, wanakula nusu wanamwaga nusu, na mpwa wa papay alikuwa anaokota chini yao tu bila kurusha hata fimbo. "Wanatufanyia kazi bure," alisema.

Kwa saa nne niliokota kilo saba. Papay, ambaye ananizidi miaka isiyopungua thelathini, alikuwa na gunia. Tahadhari moja: vaeni glavu. Matawi yaliyoanguka yamekauka na magamba yake ni miiba mitupu. Moja lilinichoma chini ya ukucha, likakatikia humo, na jioni papay alilitoa kwa sindano, akapaka utomvu wa mti huo huo juu ya kidonda.

Jioni ile binti alinisimulia ya ardhi. Karibu, upande wa Quinquén, jamii ilikuwa inatakiwa kuhamishwa kwa sababu kampuni ya mbao ilikuwa na hati. Mti ulilindwa kisheria mwaka 1976, ulinzi ukalegezwa 1987, mashoka yakarudi. Watu wakapinga mpaka mwaka 1990 pewen ikatangazwa tena kuwa urithi wa asili unaolindwa, marufuku kuikata iliyo hai, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya tisini serikali ikainunua ardhi ya Quinquén kutoka kwa kampuni. Hakusema kwa kelele. Alikuwa anamenya mbegu na kuzitupia sufuriani, moja moja.

Jumamosi 12 Aprili: theluji

Niliamka dirisha jeupe. Mapema kwa mwezi huu, walisema. Gari halikutoka. Nilishinda jikoni nikijifunza kutunga mbegu kwenye uzi: unatoboa upande mnene, siyo ncha, ukitoboa ncha inapasuka. Nilipasua nyingi. Tulizila.

Jumapili 13 Aprili: Icalma hadi Temuco

Theluji iliyeyuka barabarani kufikia saa nne. Binti akanifikisha Icalma, kijiji cha mpakani na Argentina, ambako niliomba lifti. Sikusubiri dakika ishirini. Wanandoa wenye lori dogo la kondoo walinichukua hadi Melipeuco, wakakataa mafuta, wakakubali korosho.

Njia hiyo inapita jirani na hifadhi ya China Muerta. Mwezi wa tatu mwaka 2015 moto uliteketeza huko zaidi ya hekta 3,000. Miteremko bado ina mashina ya kijivu yaliyosimama kama miiba ya samaki. Mwanamume akapunguza mwendo ili nione vizuri: kwenye baadhi, kileleni, kishungi cha kijani. Kwenye mengi hakuna. Mche unakua polepole mno, na ng'ombe wanaipenda miche. Na hata pasipo na moto, tangu katikati ya miaka ya 2010 miti mingi imeanza kukauka matawi kuanzia chini kwenda juu, wataalamu wametaja ukame na kuvu. Mwanamke akasema kitu kwa Kihispania, akajipiga kifuani mara moja, akaangalia mbele. Simu yangu haikuwa na mtandao wa kunitafsiria.

Melipeuco hadi Temuco basi peso 3,000, nililala njia nzima.

Kwa atakayekwenda

Nenda kati ya mwezi wa tatu mwanzoni na wa nne katikati kama unataka mbegu, ukichelewa zaidi barabara za juu zinafungwa na theluji. Beba nguo za baridi kali hata kama Santiago umevaa fulana. Jumla yangu bila ndege ilikuwa karibu peso 420,000, na ningeweza kupunguza kama nisingelipa pikapu. Mbegu usizibebe kuvuka mpaka: mti uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mbegu zake pia, na forodha hawana utani. Zangu za mwisho nilizimaliza uwanja wa ndege wa Santiago, nimekaa sakafuni karibu na soketi ya kuchajia simu, na mlinzi aliyepita akasimama kuniomba moja.

Alhamisi iliyofuata nilimsindikiza bibi dukani kama kawaida. Nilikuwa na mengi, nilianza kumsimulia tangu mlangoni kwake: njaa, mzee mwenye ndevu, mwanamke na mwanamume walioshikana mizizi. Tulipofika kwenye uzio akanifinya mkono. Nikamwambia kwao ni kinyume, kule lazima uongee. Akanifinya kwa nguvu zaidi. Nikasema "hodi" kwa sauti ndogo, akanikodolea macho, tukapita. Alisubiri mpaka tukafika kwenye kituo cha basi.

"Na tumbili je," akauliza, "uliwaona?"